Mlichoma Mkuki Kivulini: Barua ya Wazi kwa Wachapishaji wa Vitabu vya Hannibal Lecter

Kwenu wahariri na wachapishaji, na kwenu mnaoshikilia haki za filamu,

Nimemaliza kitabu chenu cha mwisho juma lililopita, saa tisa usiku, wodini, wagonjwa wangu wakiwa wamelala na mvua ikipiga mabati. Nilikifunga nikakisukuma chini ya rejista ya zamu, na mpaka kulipopambazuka sikukigusa tena. Mimi ni muuguzi hapa Kisumu. Nimekuwa msomaji wa vitabu vya Thomas Harris, mwandishi aliyemuumba Lecter, kwa zaidi ya miaka 10, na sijawahi kumwandikia mchapishaji yeyote barua. Hii naiandika kwa sababu kitabu hicho, Hannibal Rising cha mwaka 2006, kimenikosea mimi niliyekisoma, na kimemkosea pia mtu wa nyumbani kwetu ambaye hata hajui kama kipo.

Mtasema kitabu ni cha zamani. Huku kwetu vitabu vya aina hii hutufikia kwa njia ya mitumba, vikiwa vimepita mikononi mwa watu wengi, na mtu hukutana navyo siku anayojaliwa kukutana navyo. Nanyi mngali mnakiuza.

Nilianza na The Silence of the Lambs. Ilikuwa mwaka 2011, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, na nilikinunua kwa shilingi 100 kwenye turubai la muuza vitabu kando ya Barabara ya Oginga Odinga, kikiwa kimebanwa kati ya vitabu vya fizikia vya sekondari. Jalada lilikuwa limeng'oka, kwa hiyo sikujua nanunua nini. Aliyenishika kwanza hakuwa Lecter, yule daktari wa akili anayeua watu na kuwala. Alikuwa Barney, yule mhudumu wa hospitali ya Baltimore alikofungiwa daktari. Barney anamhudumia mtu anayeweza kumuua kwa meno, na anafanya hivyo kwa adabu, bila kumdharau na bila kumsahau hata sekunde moja. Nilikuwa nafunzwa kazi hiyo hiyo. Mwalimu wangu wa wodi alikuwa akituambia hayo hayo kwa maneno mengine kila asubuhi, na hapa nimeyakuta katika riwaya ya mauaji iliyoandikwa Marekani mwaka 1988.

Kisha ikaja ile biashara ya nipe nikupe. Clarice Starling, mwanafunzi wa upelelezi wa FBI, anataka msaada wa kumpata mwanamume anayewachuna wanawake ngozi. Lecter anakubali kusaidia, ila bei yake ni kumbukumbu za utoto wa Starling. Binti analipa. Anatoa kifo cha babake. Anatoa shamba la Montana na kilio cha wanakondoo waliokuwa wakichinjwa gizani. Kila tone analolitoa, daktari analinywa taratibu. Naye wa kwake utoto hautoi. Kuna mahali anakataa waziwazi kuchukuliwa kama jumla ya mambo yaliyompata.

Hofu yangu ilikaa hapo, ikakaa miaka yote hiyo. Mtu anayejua kila kitu chako, na faili lake mwenyewe halina ukurasa wa kwanza. Sisi wauguzi tunaujua uzito wa jambo hilo. Mgonjwa akiletwa usiku bila jamaa, bila jina, bila historia, wodi nzima hukaa macho. Unamhudumia kwa mikono inayotaka kuuliza. Harris alikuwa amenifanya nikae macho kwa ajili ya mtu ambaye hayupo duniani, na nilimshukuru kwa hilo.

Red Dragon, cha mwaka 1981, nilikipata baadaye ingawa ndicho cha kwanza. Humo Lecter ana kurasa chache tu, yuko kizuizini tangu mwanzo, na bado kitabu kizima kinanuka yeye. Cha tatu, Hannibal, kilitoka mwaka 1999. Nitakipita haraka, maana ugomvi wake umeshazungumzwa sana: Starling anaishia mkononi mwa Lecter, wawili hao wanaonekana kwenye jumba la opera la Buenos Aires, na wasomaji wengi hawajasamehe. Filamu ya mwaka 2001 iliukwepa mwisho huo, na Jodie Foster aliyekuwa Starling katika filamu ya The Silence of the Lambs ya mwaka 1991 hakurudi. Mimi mwisho ule sikuupenda, lakini niliuheshimu. Ulikuwa wa mwandishi aliyethubutu kuwaudhi watu wake.

Humo ndimo tulimsikia Mischa kwa mara ya kwanza, dada mdogo wa Lecter, aliyeuawa na kuliwa na waporaji wenye njaa kule Lithuania katika majira ya baridi ya mwaka 1944. Ni kurasa chache. Zilinisimamisha nywele, kisha hadithi ikaendelea na mambo yake, na Lecter akabaki na kile kikombe chake cha chai anachotamani kijiunge upya baada ya kuvunjika. Jambo lilitajwa, halikutumiwa kujibu swali lolote. Ningekuwa karibu na meza yenu wakati huo ningewasihi mwachie hapo.

Cha nne kilinichukua miaka kukipata. Shemeji yangu alikiona Nairobi akanitumia kwa basi, na nilikihifadhi siku nne nzima nikisubiri zamu ya usiku, kwa kuwa vitabu hivi navisoma usiku tu. Na nisidanganye: mwanzo wake ni mzuri. Familia inaikimbia ngome yake na kujificha kwenye nyumba ya mawindo msituni. Vita vinapita juu ya vichwa vyao, wazazi wanakufa, waporaji wanaingia na njaa yao. Baridi ile niliisikia mifupani, mimi ambaye baridi kali ninayoijua ni ya Julai kule Nakuru. Nikasema moyoni, mzee bado anao mkono wake.

Kisha mtoto akanyamaza.

Ndivyo ilivyoandikwa. Baada ya kifo cha Mischa, kijana Hannibal anapelekwa kwenye kituo cha mayatima, na hasemi. Mchana hatoi neno. Usiku anapiga kelele akilitaja jina la dadake. Hapo ilinibidi nikiweke kitabu chini, nikazunguka wodi nikapima joto la wagonjwa ambao hawakuhitaji kupimwa.

Sisi tulikuwa tunaishi Nakuru. Baba alikuwa fundi wa viatu, na tulipanga nyumba ya vyumba viwili katika ploti yenye wapangaji wa kila kabila. Juma la mwisho la Januari mwaka 2008 ghasia za baada ya uchaguzi ziliingia mtaani kwetu. Tume ya Jaji Waki iliandika baadaye kwamba watu 1,133 waliuawa nchini katika siku zile. Mdogo wangu alikuwa na miaka 8. Alikuwa dirishani. Alichokiona kikitendwa kwa jirani yetu sitakiandika hapa, kwa kuwa jirani yule ameacha watoto, nao wanajua kusoma.

Tuliondoka kwa lori, godoro moja na sufuria mbili, tukafika Kisumu usiku na kulala kwa mama mdogo, Nyalenda. Mdogo wangu hakusema neno Februari yote. Machi pia. Tukimpa chakula anakula, tukimwambia alale analala, na usiku analitaja jina la jirani kwa sauti iliyoamsha ploti nzima. Wapo waliomwambia mama kwamba mtoto ameingiwa na kitu. Wapo waliosema mtoto aliyeona damu namna ile damu itamwita atakapokua. Nakumbuka sura ya mama aliposikia maneno hayo. Hakujibu.

Jioni moja ya Aprili, mama mdogo akisonga ugali, mdogo wangu aliinua kichwa akauliza, "Kuku wamefungiwa?"

Mama alitoka nje akalia nyuma ya nyumba, ili asimshtue.

Leo yeye ni fundi wa kuchomelea pale Kibuye. Anatengeneza mageti na madirisha ya vyuma. Ana mke, ana binti mdogo. Uchaguzi ukikaribia usingizi humpotea, na ilikuwa hivyo 2013, 2017 na 2022. Huja kukaa kwangu siku mbili tatu, tunaacha taa ikiwaka, hatuzungumzi sana. Ndicho kilichobaki kwake. Na hayuko peke yake. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru uliogeuzwa kambi ulijaa watoto wa namna hiyo, wa makabila yote. Sasa ni watu wazima. Wanaendesha matatu, wanafundisha, wanauza mboga. Wengine nafanya nao kazi.

Kwa hiyo nilipokirudia kitabu usiku ule, nilikirudia nikimtafuta mtoto huyo. Nilitaka kuona mwandishi aliyejua kuuandika ukimya ule angeupeleka wapi.

Aliupeleka kwenye kisasi. Hannibal anachukuliwa na amiye kwenda Ufaransa, anapendezwa na mke wa amiye, Lady Murasaki, anamuua mchinja nyama wa sokoni aliyemtukana mama huyo, anasomea udaktari Paris, kisha anawatafuta waporaji wale mmoja baada ya mwingine na kuwamaliza. Kila anayeuawa ni mbaya kuliko yeye. Kila mmoja ameandikwa ili tusimlilie. Nilijikuta namshangilia, na hapo nikajua kuna kitu kimeharibika, kwa maana Lecter wa kwanza hakutaka nimshangilie. Alitaka nihesabu hatua kati ya kiti changu na kizuizi chake. Mwishoni Grutas, mkuu wa waporaji, anamwambia kwamba naye alilishwa mchuzi wa dadake. Hesabu ikafungwa. Dada aliliwa, kaka alilishwa, kwa hiyo kaka akawa mla watu.

Nalalamikia hilo "kwa hiyo".

Maneno ya wale majirani wa Nyalenda yalikuwa hayo hayo. Mtoto ameona, kwa hiyo atafanya. Mmeyachukua mkayapa jalada gumu. Nimehudumia watu waliochomwa moto wakiwa wadogo, waliopigwa, walioona wazazi wao wakifa. Maumivu huacha alama, nami huziona alama hizo: usingizi wa vipande vipande, pombe, hasira isiyo na mahali pa kutua, mwili unaoruka mlango ukigongwa. Sijaona maumivu yakimfundisha mtu ladha ya nyama ya mwenzake. Mtu akiamua kuwa katili baada ya kuteswa, ukatili huo ni wake, ana jina lake juu yake, na mamilioni walioteswa pamoja naye bila kuwa hivyo ni mashahidi. Lecter wa mwaka 1988 alilijua hili. Ndiyo maana alikataa kuelezwa. Katika uovu wake wote, walau hakuwasingizia watoto.

Huku kwetu ipo hadithi ambayo kila mtoto wa Kano huisikia kabla hajajua kusoma. Lwanda Magere alikuwa shujaa mwenye mwili wa jiwe. Mikuki ya maadui zake, Lang'o, ilimgonga ikaanguka. Waliposhindwa vitani walimpa binti mrembo awe mke wake, na binti akakaa akitazama. Siku moja Magere akaugua, akamwomba mkewe amchanje ampake dawa, na kisu kikakataa kuingia mwilini. Akamwambia achanje kivuli. Alipokichanja, damu ikatoka. Usiku ule binti akakimbilia kwao na siri. Vita vilivyofuata, mkuki ulirushwa kwenye kivuli, na Magere akaanguka. Jiwe linaloitwa lake lipo hadi leo kwenye tambarare za Kano, upande wa mashariki wa mji huu.

Nyanya alipotusimulia, alikuwa anasimama baada ya damu kutoka kivulini. Anatuacha tunyamaze. Nilielewa baadaye kwamba hadithi inakwisha hapo; mkuki ni kumalizia tu.

Harris alikuwa ametupa mtu wa jiwe. Wataalamu wa ndani ya vitabu vyenyewe walimjia na vipimo vyao, wakaanguka. Chilton, msimamizi wa hospitali ile, aliutamani utoto wa Lecter kama mtu anavyotamani nyota za cheo. Hakuupata. Halafu mwaka 2006 kikaja kitabu kilichomlaza Lecter mgonjwa, kikachanja kivuli, kikatuonyesha damu. Sasa kila mtu anajua pa kuchoma. Na sijui kama mnafahamu lililofuata kwa msomaji: usiku wa pili niliirudia The Silence of the Lambs, kile kitabu changu kisicho na jalada, nikafika anapomhoji Starling kuhusu wanakondoo. Sikuogopa. Nilimwona mtoto wa thelujini anayemtafuta Mischa. Mlifika mpaka ndani ya kitabu cha 1988 mkakizima taa.

Kuna wenzangu watakaosema, na mmoja ameshaniambia tukibadilishana zamu, kwamba Harris alikuwa ameshafanya hivyo mapema: Francis Dolarhyde, muuaji wa kitabu cha kwanza, amepewa utoto mzima, mdomo uliozaliwa ukiwa umepasuka, nyanya mkatili, aibu juu ya aibu. Ni kweli, na kurasa zile ni kati ya bora alizowahi kuandika. Lakini tazameni alivyozitumia. Tunamhurumia Dolarhyde wakati huo huo tunapojua familia nyingine iko hatarini, na huruma yetu haimpunguzii mtu yeyote risasi wala kisu. Anapompata Reba, mwanamke asiyeona anayemtendea kama mtu, mlango unafunguka kidogo. Tunaona kwamba angeweza kuingia. Utoto wake ni mzigo aliobeba. Hakuna mahali tunapoambiwa ni hukumu. Na ng'ambo ya kizuizi, katika kitabu hicho hicho, ameketi Lecter ambaye hana mzigo unaoonekana. Wawili hao walihitajiana. Mmoja ana sababu nyingi, mwingine hana hata moja, na sisi katikati hatujui ni yupi wa kuogopwa zaidi. Mlipompa Lecter sababu, hata Dolarhyde mlimnyang'anya kitu.

Lipo pia hili, dogo kwa wengine, ila mimi nimezoea kusoma mafaili ya wagonjwa na jambo lisilolingana huniuma macho. Katika Red Dragon, Will Graham, mpelelezi aliyemkamata Lecter, anaeleza kwamba daktari huyo utotoni alikuwa akiwatesa wanyama. Katika Hannibal Rising mtoto huyo huyo ana farasi wa nyumbani aitwaye Cesar, anayempenda. Faili mbili, mgonjwa mmoja, na aliyezipanga hakuuliza.

Najua kitabu hiki kilikujaje, kwa kuwa halikuwa jambo la siri. Marehemu Dino De Laurentiis ndiye aliyetayarisha filamu ya kwanza ya Lecter, Manhunter ya mwaka 1986, na ilipokosa watazamaji aliwaachia wengine walitumie jina la Lecter bure. Filamu yao, ile ya mwaka 1991, ikachukua Oscar 5 kubwa. Basi akarudi, akatayarisha Hannibal ya 2001 na Red Dragon ya 2002, na vitabu vilipokwisha akataka hadithi ya ujana. Alisema mwenyewe mbele ya waandishi wa habari kwamba alimwambia Harris: usipoiandika wewe, nitampa mtu mwingine. Harris akaiandika, riwaya na mchezo wa filamu vyote viwili. Kitabu kikatoka Desemba 2006, filamu ikatoka Februari 2007.

Simlaumu Harris. Mzazi akiambiwa mwanawe atakwenda kulelewa na mgeni, hatauliza kama yuko tayari, ataamka aende. Inawezekana kitabu kile kilikuwa njia yake ya kumlinda Lecter na mkono usiomjua. Ninaposoma kurasa zile za msituni naona mtu aliyejitahidi kweli. Lakini ninyi mlikuwa mmekaa wapi? Msomaji humwona mwandishi jaladani, hamwoni mhariri, na kwa sababu hiyo mhariri ana uhuru wa kusema lile ambalo mwandishi aliyebanwa hawezi. Mngeweza kuuliza swali moja tu kabla ya kuchapa: hadithi imeomba kitabu hiki, au mkataba? Kama mliuliza, jibu halionekani katika kurasa. Ninachokiona ni sura fupi fupi zinazokatwa pale kamera ingekatwa, na mashujaa wawili watatu wanaosimama vizuri kwenye mwanga.

Nimefikiria niombe nini. Kukiondoa sokoni siombi. Kitabu kimeandikwa, wapo wanaokipenda, na mimi ni mtu niliyekulia mahali ambapo hata kitabu kibaya hakitupwi. Naomba mambo yaliyo mikononi mwenu.

Kila mnapovichapa upya vitabu hivi vinne, wekeni ndani ya jalada mwaka wa kila kimoja na mpangilio wa kutoka kwake: 1981, 1988, 1999, 2006. Kwa herufi zinazoonekana. Msiruhusu kitabu cha nne kiuzwe kama cha kwanza. Huku wauza vitabu humwambia mteja aanzie hicho, na hawana nia mbaya: wanaona ni cha utoto wa mhusika, basi wanadhani ndio mwanzo. Mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 19, aliambiwa hivyo Nakuru mwezi jana, akanipigia simu akiwa tayari ameshika hela. Anayeanzia hapo hatakutana kamwe na mgonjwa asiye na historia. Atafika kwa Starling akiwa na faili kamili mkononi, na atashangaa kwa nini sisi wengine tulikuwa tukiacha taa ikiwaka.

Na kwenu wa filamu: siku mtakaporudi kwa Lecter, na najua mtarudi kwa kuwa jina hilo lingali linauza, msirudi utotoni mwake. Msimpe sababu nyingine juu ya ile mliyompa. Kama mnahitaji mtoto aliyeona yasiyosemeka, wako wengi, na hadithi zao hazihitaji mla watu mwishoni ili zisomwe. Mtu akiandika riwaya ya kutisha juu ya mtoto aliyenyamaza miezi miwili kisha akaulizia kuku, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na nitalipa bei ya dukani.

Barua hii sijamwonyesha mdogo wangu. Nilimuuliza tu, bila kumwambia kwa nini, kama niruhusiwe kumtaja pasipo jina. Alizima mashine yake, akavua miwani ya kuchomelea, akasema, "Dada, andika. Ila sema nilipona."

Nimeandika.

Yule mtoto wa dada yangu nilimwambia arudishe hela mfukoni asubiri. Amekuja Kisumu kwa likizo na analala kwangu. Juzi nilimpa Red Dragon, nikaenda kazini. Saa sita na nusu usiku simu yangu iliita pale wodini. Alitaka kujua kama mlango wa nyuma una komeo la pili.

Ni mimi msomaji wenu,
Muuguzi wa zamu ya usiku,
Kisumu